Batli ya Msikilizaji: Uhakiki wa Programu za Kuweka Kumbukumbu za Redio ya Masafa Mafupi kwa Mahitaji ya Utafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Mtafiti wa lugha anayesikiliza matangazo ya Kiswahili kwa redio ya masafa mafupi anahitaji kumbukumbu inayoonyesha alisikia nini, lini, kutoka kituo gani na kwa usikivu wa kiwango gani. Programu nyingi za kompyuta zinazotumika kuweka kumbukumbu hizo ziliundwa kwa ajili ya waendeshaji wa redio za ridhaa, ambao lengo lao ni kuthibitisha mawasiliano na kuhesabu nchi. Makala haya yanahakiki programu hizo kwa kuzingatia nyuga nne: saa, kituo, lugha na usikivu. Yanadai kwamba uchaguzi wa programu ni uchaguzi wa ushahidi utakaosalia baada ya sauti kupotea, na kwamba nakala ya msingi ya kumbukumbu inapaswa kukaa katika jedwali la maandishi matupu lililounganishwa na rekodi za sauti.

Maneno muhimu: masafa mafupi, batli, programu, saa za Kiswahili, data za lugha

1.0 Utangulizi

Mwaka 2021 nililazimika kuondoa jedwali zima katika makala niliyokuwa nikiyaandaa kuhusu kuenea kwa istilahi za janga la korona. Nilikuwa nimefuatilia kwa masafa mafupi jinsi maneno kama *barakoa*, *karantini* na *UVIKO-19* yalivyoingia katika taarifa za habari za Kiswahili, na jinsi kila kituo kilivyosita kati ya neno jipya na mkopo wa moja kwa moja. Sehemu ya maingizo hayo niliyaweka katika programu ya bure, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikichukua saa ya kompyuta bila kuandika ni saa ya ukanda upi. Katikati ya kazi nilihama Dar es Salaam kwenda Bujumbura, na kompyuta ikabadili saa yenyewe mara ilipopata intaneti. Wiki sita za maingizo zikabaki na tofauti ya saa moja ambayo siwezi kusema inaanzia ingizo lipi.

Anayesikiliza FM ataona hilo kuwa dogo. Katika masafa mafupi, mzunguko mmoja hugawanywa kwa saa: kituo kimoja hutoka hewani na kingine huingia, pengine kwa lugha nyingine na kutoka bara lingine. Pale nilipokuwa nimeandika tu “taarifa ya asubuhi”, saa ndiyo iliyokuwa jina la kituo. Saa ilipotetereka, kituo kilitetereka nacho, na dai langu kwamba kituo fulani kilitangulia kutumia neno fulani halikuwa tena na mguu wa kusimamia.

Neno la Kiswahili la kitabu cha aina hii tunalo. Mabaharia huita *batli* daftari ambamo nahodha huandika habari za safari: upepo, mwelekeo, saa na yaliyotokea. Nalitumia neno hilo hapa kwa maana ya kumbukumbu ya usikilizaji, na sioni sababu ya kuunda jingine. Nahodha haandiki batli kwa kujifurahisha. Anaiandika ili atakayehoji safari baadaye apate jibu.

Kwa nini tuhangaike na masafa mafupi hata sasa? Kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya Kiswahili cha utangazaji ilipita humo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Radio China Kimataifa 1961, ya Sauti ya Amerika 1962, ya Deutsche Welle 1963, na ya Radio Japan 1964. Idhaa hizo, pamoja na redio za taifa za ukanda wetu, zilisambaza istilahi za siasa, afya na uchumi kabla hazijafika katika kamusi. Sauti nyingi kati ya hizo hazimo mikononi mwetu. Kilichobaki kwa msomi wa Bujumbura, Bukavu au Kampala ni kile alichokisikia na kukiandika mwenyewe, au alichoandika msikilizaji mwingine aliyekuwa makini.

2.0 Programu zilizopo na nasaba yake

Programu zinazojulikana zaidi, kama Logger32 na Log4OM za Windows au CQRLOG ya Linux, ni za waendeshaji wa redio za ridhaa. Zimekomaa, zinatunzwa, na nyingine hazina malipo. Zinaelewana kwa muundo wa ADIF, ambao tangu mwaka 1996 umewezesha kumbukumbu kuhamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine. Kuwapo kwa muundo huo ni jambo la kupongezwa, na wanaisimu tunaopoteza data zetu kila tunapobadili kompyuta tungefaa kuwaonea wivu wenzetu hao.

Hata hivyo, ADIF ina kumbukumbu ya mazungumzo ya watu wawili. Kuna uga wa herufi za utambulisho za mwenzako, ripoti uliyotuma na ripoti uliyopokea. Msikilizaji asiyetuma chochote amepewa uga mmoja wa kusema ndiyo au hapana: je, ingizo hili ni ripoti ya msikilizaji? Uga wa lugha ya matangazo haupo. Mtumiaji anaweza kujiongezea nyuga zake, lakini programu nyingine haina wajibu wa kuzielewa, hivyo faida ya kuhamisha data inapotea palepale tulipoihitaji.

Zipo chache zilizoundwa kwa ajili ya wasikilizaji hasa. DXtreme Reception Log, ambayo ni ya Windows na ya kulipia, humwezesha mtumiaji kuandaa ripoti ya kupelekea kituo na kuhifadhi sauti pamoja na ingizo. Hatua hiyo ya pili ni kubwa kuliko inavyoonekana, nami nitairejea. Hata hapo, mtumiaji anayefikiriwa ni mkusanyaji wa vituo anayetaka kadi ya uthibitisho, na kadi hiyo haimdai aeleze mtangazaji alitumia neno gani.

3.0 Saa

Wasikilizaji wa masafa mafupi duniani huandika UTC, nao wana haki. Tatizo la ukanda wetu ni kwamba tangazo moja lina angalau majina matatu ya saa kabla hatujaifikia UTC. Taarifa inayoanza saa 03:00 UTC husikika Nairobi na Dar es Salaam saa 12 asubuhi. Bujumbura, Kigali na Bukavu husikika saa 11 alfajiri. Na mtu wa Nairobi anayeandika kwa tarakimu za Kiingereza ataandika 6:00. Mtangazaji mwenyewe atasema “ni saa kumi na mbili Afrika Mashariki”, na msikilizaji wa Burundi ataandika alichosikia, au alichokiona kwenye saa yake, bila kusema ni kipi.

Kuna kanuni rahisi ambayo sijaiona ikitajwa katika mwongozo wa programu yoyote niliyoitumia: saa ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ni UTC ukiondoa saa tatu, na ya Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo ni UTC ukiondoa saa nne, katika mzunguko wa saa kumi na mbili. Mwenye kanuni hiyo anaweza kusahihisha madaftari ya zamani kwa haraka, mradi ajue daftari liliandikiwa wapi na kama ni asubuhi au jioni.

Siku nayo ina ukaidi wake. UTC hubadili tarehe saa 9 usiku kwa saa za Dar es Salaam. Mswahili anayesema “usiku wa kuamkia Ijumaa” ameshaingia katika Ijumaa tangu jua lilipotua, ilhali kwa UTC bado ni Alhamisi, na itaendelea kuwa Alhamisi hadi karibu na alfajiri. Hakuna programu itakayotambua tofauti hiyo yenyewe. Inachoweza kufanya ni kumpa mtumiaji nyuga mbili: saa ya UTC kwa ajili ya kupanga na kulinganisha, na saa kama ilivyotamkwa hewani, kwa maneno. Uga huu wa pili ni data ya lugha kwa haki yake. Jinsi vituo vinavyotaja saa kwa wasikilizaji wa kanda mbili za saa ni mada inayomngoja mwanafunzi wa shahada ya uzamili.

4.0 Kituo na nchi

Programu za redio za ridhaa hutambua nchi kwa herufi za mwanzo za utambulisho, kwa kuwa kila nchi imegawiwa herufi zake kimataifa: 5H ni Tanzania, 9U ni Burundi, 9X ni Rwanda. Sasa tuandike majina ya vituo vyetu katika uga huo, kama wasikilizaji wengi wanavyolazimika kufanya. BBC inaanza na B, herufi ya China. VOA iko katika fungu la Kanada. DW imo katika fungu la Ufilipino, kwa sababu Ujerumani inaishia DR. TBC ya Tanzania inahamia Uturuki, KBC ya Kenya inakuwa ya Marekani, na ZBC ya Zanzibar inatua Gibraltar. Programu inayojaza nchi kwa kusoma herufi itamaliza mwaka na ramani ya Kiswahili isiyofanana na chochote duniani, na takwimu zake zitakuwa nadhifu kabisa.

Kichekesho hicho kinaficha swali zito zaidi: “nchi” ya tangazo ni ipi? Kwa takribani nusu karne, tangu 1965 hadi Machi 2015, Deutsche Welle ilikuwa na mitambo ya kurushia matangazo Kigali. Taarifa iliandaliwa Ujerumani, ikarushwa kutoka Rwanda, ikiwa na sauti za waandishi walioko Goma, Mombasa au Dodoma, na ikalenga wasikilizaji wa Afrika Mashariki na Kati. Batli yenye uga mmoja wa nchi hulazimisha jibu moja. Anayepima uenezi wa mawimbi ataandika Rwanda, na anayechunguza sera ya habari ya dola za nje ataandika Ujerumani. Mwanaisimu anataka kujua aliyekuwa akizungumza ni nani na wa wapi. Matangazo ya Zanzibar ya kilohezi 11735 hayana utata huo, kwani mtambo uko Dole, Unguja, na studio iko kisiwa hichohicho. Lakini ni hali ya pekee, si kanuni.

Nyuga tatu zinatosha: asili ya kipindi, mahali pa mtambo, na mahali pa kipokezi. Huu wa mwisho ulikuwa hauna haja ya kutajwa zamani. Sasa mtu aliyeko Bujumbura anaweza kusikiliza kwa kipokezi cha KiwiSDR kilichoko Ulaya kupitia intaneti, na asipoliandika hilo atakuwa ametoa ushahidi kwamba matangazo yanasikika mahali yasipofika.

5.0 Lugha iliyopangwa na lugha iliyosikika

Hapa ndipo ninapokuwa na shaka kubwa kuhusu programu za kisasa, hasa zile zinazosifiwa kwa kurahisisha kazi. Ratiba za masafa mafupi hupangwa kwa misimu miwili: msimu A unaoanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na msimu B unaoanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Orodha kama ya EiBi hukusanya ratiba hizo katika jedwali linaloweza kupakuliwa, na programu inayolisoma hufanya jambo la kupendeza: unaandika masafa, inatazama saa, inakujazia kituo, lugha na mtambo.

Urahisi huo ndio hatari yake. Ingizo linakuwa nakala ya ratiba, si ushahidi wa sikio. Mtambo ukikosa kuwashwa, kipindi cha Kirundi kikirushwa badala ya cha Kiswahili, au msimu ukibadilika kabla mtumiaji hajapakua orodha mpya, batli itaendelea kusema “Kiswahili” kwa ujasiri uleule. Mtafiti atakayeisoma miaka kumi baadaye hatakuwa na njia ya kutofautisha kilichosikika na kilichotarajiwa. Sisemi orodha hizo zisitumike, kwani mimi mwenyewe huanza siku kwa kuzitazama. Nasema zikae katika uga wake, “kilichopangwa”, na pembeni yake kuwe na uga wa “kilichosikika” ambao programu haina ruhusa ya kuujaza.

Kisha kuna suala la msimbo. Kiwango cha ISO 639-3 kinaichukulia *swa* kuwa lugha jumuishi yenye wanachama wawili, *swh* na *swc*, yaani Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Kongo. Mtu anaweza kuupinga mgawanyo huo, na mimi ni mmoja wa wanaoona kwamba mpaka wake umechorwa kwa urahisi kupita kiasi. Lakini hata tukiukubali, hautusaidii katika ngazi ya kipindi. Taarifa moja ya dakika thelathini huwa na msomaji wa habari mwenye Kiswahili sanifu, mwandishi wa Bukavu, mkulima wa Kivu anayehojiwa sokoni, na afisa wa Nairobi anayechanganya lugha. Lugha si sifa ya kipindi bali ya msemaji, na wakati mwingine ya sentensi.

Kwa hiyo batli peke yake haiwezi kubeba mzigo huo, na haifai kulazimishwa. Ingizo la batli linapaswa kuelekeza kwenye faili la sauti, na faili la sauti lifafanuliwe katika ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya Isimu-saikolojia iliyoko Nijmegen, ambayo humpa kila msemaji tabaka lake na kupachika maandishi kwenye nukta mahususi za sauti. Hapo ndipo *swh* na *swc*, au mgawanyo mwingine wowote tutakaouamini zaidi, utakapokuwa na maana.

6.0 Usikivu kama kipimo cha ushahidi

Wasikilizaji hutumia msimbo wa SINPO, wenye tarakimu tano kati ya 1 na 5: nguvu ya mawimbi, mwingiliano wa vituo, kelele, kufifia, na ubora wa jumla. Wanaisimu huuona kuwa adabu ya kuandikia kituo barua. Nadhani tunakosea. Vituo vya masafa mafupi hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 5, na sauti inayotufikia kwa kawaida imekatwa karibu na kilohezi 4.5. Konsonanti kama *s* hubeba nguvu nyingi juu ya mpaka huo. Hivyo mtu anayechunguza kama msemaji ametamka *dhambi* au *zambi*, *thelathini* au *selasini*, anatafuta tofauti ambayo njia yenyewe imeshaifuta kwa sehemu, na kelele huimalizia. Tofauti ya *l* na *r*, ambayo hukaa chini zaidi katika masafa ya sauti, huvumilia safari hiyo vizuri zaidi.

Ninajua angalau dai langu moja la zamani kuhusu matamshi ya watangazaji ambalo lisingepita kama ningekuwa nimeandika SINPO kando ya kila mfano. Programu inayofanya uga huu kuwa wa hiari, au inayoweka 55555 kama jibu la kuanzia, haimfai mtafiti wa fonolojia.

7.0 Programu ipi basi?

Jibu langu litawaudhi wanaopenda vitu vipya. Nakala ya msingi iwe jedwali la maandishi matupu, aina ya CSV, linalofunguka katika LibreOffice Calc leo na katika chochote kitakachokuja baada yake. Majina ya safu yawe ya Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha tangu 2004, kwa toleo la Jambo OpenOffice, kwamba istilahi za ofisi ya kompyuta zinaweza kukaa katika lugha yetu bila kuvunjika. Programu maalumu itumike juu ya jedwali hilo kama chombo cha kuingizia au kuchora takwimu. Sharti ni kwamba iweze kurudisha kila kitu katika maandishi matupu, na jaribio lifanyike siku ya kwanza, kabla ya ingizo la mia.

Gharama ya sauti si kisingizio tena. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja, biti 16, sampuli 12,000 kwa sekunde, ni takribani megabaiti 86. Nusu saa kila siku kwa mwaka mzima haifiki gigabaiti 16, yaani inaingia katika kadi ndogo ya simu. Kinachokosekana ni nidhamu ya kulipa faili jina lenye tarehe, saa ya UTC na masafa, jambo ambalo vipokezi vya KiwiSDR hulifanya vyenyewe vinaporekodi.

Kwa washauri wa sera nina ombi moja na tahadhari moja. Ombi ni kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae orodha fupi ya nyuga za batli, ukurasa mmoja tu, ili kumbukumbu za mtafiti wa Kampala ziweze kuunganishwa na za mwenzake wa Zanzibar bila kukisia. Tahadhari inahusu programu za mtandaoni ambazo huonyesha hadharani mahali alipo msikilizaji na vituo alivyovisikiliza. Katika ukanda ambamo kusikiliza kituo fulani kumewahi kumletea mtu maswali, batli ya pamoja isibebe jina wala mtaa wa mtu. Jina la mji linatosha kwa utafiti wa lugha.

Ama kuhusu jedwali langu la 2021, nimelijenga upya kwa yale maingizo yaliyokuwa na sauti, kwa kusikiliza mtangazaji anavyotaja saa. Yaliyobaki ya zile wiki sita nimeyaacha katika CSV, na katika safu ya UTC nimeandika: haijulikani.